Tangi la Tabata: uchambuzi wa kisa cha sikilidi wakubwa walioshindwa kukaa pamoja

Tangi linalozungumziwa hapa lipo sebuleni kwa mzee mmoja mstaafu wa Tabata, Dar es Salaam. Fundi wa vioo alilijenga kwa kioo cha milimita 12, likiwa na urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kina cha 60, vipimo vinavyotoa lita 648. Ukiondoa nafasi iliyoachwa juu, mchanga na mawe, maji yaliyomo hayafiki lita 560. Humo waliwekwa samaki kumi wa jamii ya sikilidi, kila mmoja akiwa na urefu wa kidole, nao wakakaa miezi kadhaa kwa utulivu uliomfurahisha kila mgeni aliyepita sebuleni. Nilipoitwa, miezi kumi ilikuwa imepita. Mmoja alikuwa amekufa, wanne walikuwa wamejibanza kwenye kona wakiwa na mapezi yaliyoraruka, na mkubwa kuliko wote alikuwa na vishimo kichwani.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ushauri ambao wafugaji wengi tunaukimbilia, yaani kumtafuta mkorofi na kumtoa, ungekuwa ushauri mbaya hapa. Mkorofi aliyetajwa na mwenye tangi hakuwa na kosa, na hata mkorofi wa kweli hakuwa chanzo. Chanzo kilikuwa dukani, siku ambayo samaki wa mabara mawili na maziwa tofauti walinunuliwa kwa pamoja kwa kuwa wote walikuwa wadogo, wazuri, na wanaitwa kwa jina moja.

Jamii hiyo si ngeni kwetu. Sato na perege tunaowala ni sikilidi. Furu wa Ziwa Viktoria ni sikilidi. Kuhe wa Kigoma, ambaye huweza kufikia takriban sentimita 80, ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kuliko wote duniani. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zipatazo 200 au zaidi, karibu zote zikiwa hazipatikani penginepo. Wanachofanana ni umbo la kinywa, chenye taya la pili kooni la kusagia chakula, na tabia ya kulinda mayai na watoto kwa bidii isiyo ya kawaida kwa samaki. Tabia hiyo ya ulezi ndiyo inayowafanya wapendeze kufugwa, na ndiyo hiyo hiyo inayowafanya wapigane. Zaidi ya hapo, sikilidi mmoja na mwingine wanaweza kutofautiana kwa maji, chakula, mwendo na hasira kama wanavyotofautiana paka na chui.

Samaki wa mzee walikuwa hawa. Oska wawili, ambao asili yao ni bonde la mto Amazon na ambao wakikomaa hufikia sentimita 30 hadi 35. Wawili wa aina iitwayo Jack Dempsey, kutoka Amerika ya Kati, waliopewa jina la bondia wa Marekani aliyeshikilia ubingwa wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Hawa huishia kwenye sentimita 20 hadi 25. Venustus mmoja, mwindaji wa Ziwa Nyasa mwenye madoa kama ya twiga, anayefikia takriban sentimita 25. Na frontosa watano wa Ziwa Tanganyika, samaki wa mistari mipana ambao wakikua huota nundu kwenye paji la uso na kukaribia sentimita 33. Muuzaji alimhakikishia mzee kwamba tangi kubwa kama lile linawatosha wote.

Baada ya salamu, mzee alinionyesha oska mkubwa kwa kidole. "Huyu ndiye anayewaonea wenzake, mwanangu. Nimemfuga kwa mkono wangu, lakini nikubali tu atoke." Nilimwomba aniruhusu nikae kwanza. Katika kazi hii sijapata kipimo kinachoshinda kiti kimoja na saa moja ya kutazama bila kugusa kitu, hasa jioni, samaki wanapochangamka.

Oska huyo, aliyekuwa na sentimita 23 hivi, alikaa mbele ya kioo akiyumba taratibu, macho yake yakimfuata mzee popote alipokwenda. Katika saa nzima hakumkimbiza mtu. Nyuma yake mambo yalikuwa mengine. Upande wa kushoto palikuwa na bapa la jiwe la matumbawe lililoegemezwa kwenye kioo, na juu yake utando wa mayai ya rangi ya hudhurungi hafifu. Jike la Jack Dempsey, uso umegeuka mweusi, lilikuwa likiyapepea kwa mapezi. Dume lilikuwa likifanya doria, na kila samaki aliyevuka mstari ambao macho yangu hayakuuona, karibu na mdomo wa pampu, alikimbizwa mashavu yakiwa yametanuka hadi upande wa pili wa tangi. Nilihesabu mikimbizo kumi na saba. Kumi na minne iliwaangukia frontosa. Mistari yao, ambayo ingepaswa kuwa ya bluu iliyokolea kwenye mwili mweupe, ilikuwa imefifia ikawa kijivu, na mmoja wao alikuwa amekatwa pezi refu la tumboni likabaki kisiki.

Kisha mzee akawalisha. Alidondosha nyama ya ng'ombe ya kusaga, na kabla sijahesabu hadi ishirini ilikuwa imekwisha. Oska walimeza sehemu kubwa, venustus akapita kama mshale akikusanya yaliyozama, na frontosa walikuwa wametoka kwenye kona yao kiasi cha nusu mita tu walipogundua kwamba hakuna kilichosalia.

Nilipima maji. Mzee anatumia kisima kilichochimbwa uani. Maji yakitoka tu kwenye pampu yalisoma pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati na juu yake asidi hupungua) 7.4, lakini baada ya kuachwa kwenye ndoo yenye pampu ya hewa hadi kesho yake yalipanda hadi 8.2, sawa kabisa na yale ya kwenye tangi. Jambo hili hutokea sana kwa visima: maji ya chini ya ardhi huja na gesi ya kaboni iliyoyeyuka, na gesi ikishatoka pH hupanda, kwa hiyo anayepima maji ya kisima yakiwa bado yanatoka bombani anajidanganya. Maji yalikuwa pia magumu, yenye chokaa nyingi, na mawe ya matumbawe yaliyowekwa humo yalihakikisha kwamba hayatashuka. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ilionekana kidogo, na nitrati, ambayo bakteria hutengeneza kutokana na amonia hiyo, ilikuwa juu ya miligramu 80 kwa lita. Machujio yalikuwa mawili madogo ya ndani, ambayo yangetosha tangi la robo ya ukubwa ule.

Hiyo amonia kidogo ilinitia wasiwasi kuliko nitrati nyingi. Amonia majini huwa katika sura mbili, moja ikiwa sumu kali na nyingine ikiwa na madhara madogo, na pH ndiyo inayoamua mgawo. Katika nyuzijoto 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia moja ya amonia katika sura ya sumu. Maji ya pH 8 huwa na takriban asilimia tano. Ya pH 9, zaidi ya theluthi. Joto nalo huongeza mgawo huo, na sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari hufikisha maji nyuzijoto 29 au 30, wakati ambapo pia oksijeni inayoweza kuyeyuka hupungua, kutoka takriban miligramu 8.3 kwa lita kwenye nyuzijoto 25 hadi 7.5 kwenye 30. Mfugaji wa samaki wa maziwa yetu makuu, ambao wanataka pH ya juu, hana nafasi ya uzembe wa chujio aliyonayo mfugaji wa samaki wa Amazon.

Sasa picha ilikuwa imekamilika. Vishimo vya kichwani vya oska ni maradhi yanayohusishwa na maji machafu na lishe duni, na nyama ya ng'ombe ilichangia yote mawili: mafuta ya mnyama wa damu moto huganda ndani ya samaki, na mabaki yake huchafua maji upesi. Jack Dempsey hawakuwa wakorofi kwa asili yao ya kila siku, walikuwa wazazi. Muuzaji aliuza wawili kwa kubahatisha, wakatokea kuwa dume na jike, na jozi inayolea katika tangi la urefu wa mita 1.8 huchukua nusu yake kama haki yao. Nao frontosa walikuwa wamekosa kila kitu kwa pamoja. Ziwani samaki hawa mara nyingi huishi kwenye kina cha mita 20 hadi 50 na zaidi, penye mwanga hafifu, katika makundi, wakiwinda alfajiri na magharibi wakati samaki wadogo hawajachangamka. Ni samaki wa polepole. Ukiwaweka na walaji wa haraka hawapigani, wanakonda.

Venustus alinifikirisha zaidi. Hakuwa na mayai wala mipaka ya kulinda, ila naye aliwachokoza frontosa peke yao na kumwogopa dume la Jack Dempsey. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Nature jaribio walilofanya kwa Astatotilapia burtoni, sikilidi mdogo wa Ziwa Tanganyika. Dume aliyetazama tu mapigano ya wenzake, bila kushiriki, aliweza kupanga nani ana nguvu kuliko nani, hata kwa wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana. Sioni sababu ya venustus kuwa mjinga zaidi. Ninaamini kwamba kwa miezi alikuwa akitazama frontosa wakishindwa kila siku, na akajua wa kumwonea. Katika tangi, samaki anayepigwa na mmoja mbele ya macho ya wote huishia kupigwa na wote.

Kwa hiyo kumtoa oska kungemwondoa samaki pekee mwenye amani na kuacha vita vilevile. Kuwatoa Jack Dempsey kungeleta nafuu ya miezi michache, hadi oska wafikishe sentimita 30 na maji yashindwe kabisa kuwabeba. Nilimweleza mzee kwamba swali lisiwe nani atoke, bali tangi hili ni ziwa gani.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kulifanya la Amerika: oska wawili, pengine na severum wachache, ambao ni wapole na hufikia sentimita 20 hadi 25. Oska ni mvumilivu, na hata kwenye pH 8 huweza kuishi miaka, ila maji laini ndiyo yake. Ingembidi mzee aondoe mawe ya matumbawe na kutumia maji ya bomba, ambayo chanzo chake kikuu ni mto Ruvu, na ambayo hutiwa klorini, hivyo yanataka kulazwa na kupigwa hewa au kutiwa dawa ya kuiondoa kabla ya kuingia tangini. Ya pili ni Ziwa Nyasa: venustus na wawindaji wenzake wakubwa, tangi la kupendeza lenye mbio nyingi, lakini lingemaanisha kununua karibu samaki wote upya. Ya tatu ni Tanganyika, ambayo maji ya kisima na mawe yake tayari vilikuwa vikiitaka.

Njia ya kwanza mimi sikuipinga, na ningemsaidia kwa moyo mmoja kama angeichagua. Oska anayekula mkononi na kumtambua bwana wake si samaki wa kutengana naye kwa urahisi. Mzee alikaa na shauri hilo siku tatu. Kilichoamua ni kitu kidogo: nilimwonyesha kwamba frontosa wake wana mistari saba. Frontosa wengi wana sita. Saba ndiyo alama inayojulikana ya wale wa Kigoma. Mama yake mzee alikuwa mtu wa Ujiji, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba samaki waliokuwa wakififia kwenye kona ya sebule yake walikuwa wa ziwa la kwao.

Oska walihamia kwa mpwa wake Kigamboni, kwenye bwawa la saruji lenye kivuli, lililofunikwa wavu kuzuia ndege. Jozi ya Jack Dempsey ilichukuliwa na mfugaji aliyekuwa na tangi tupu la mita 1.2 ambamo wangeishi peke yao, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa jozi iliyokwisha kuungana. Mtu mmoja alipendekeza kwamba wakikosa pa kwenda tuwaachie mto Msimbazi. Hilo lisifanyike kwa samaki yeyote wa kigeni. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zilizokuwa humo hazionekani tena.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilishauri venustus abaki, kwa kuwa maji ya Nyasa na ya Tanganyika hayapishani sana na wafugaji wengi huwachanganya bila shida. Wiki tano zilipita. Maji yalikuwa safi, chakula kilikuwa sahihi, Jack Dempsey hawakuwepo, lakini frontosa bado walitoka kwa kunyatia na kurudi kwenye kona kila alipogeuka. Nilikuwa nimetazama maji na kusahau mwendo na kumbukumbu. Alipotolewa, siku ya nne frontosa walikuwa katikati ya tangi mchana kweupe na mistari yao imekolea. Tangu hapo ninauliza mambo manne kuhusu kila samaki ninayefikiria kumwongeza: anatoka maji gani, kinywa chake akikomaa kinaweza kummeza nani, anakula kwa kasi gani, na akianza kuzaa atadai eneo kiasi gani. Ukubwa wa leo hauingii katika maswali hayo.

Baada ya venustus kuondoka ndipo tulipoongeza frontosa watano, wa mistari saba pia, kutoka kwa mfugaji wa Mikocheni. Kuhesabu mistari hapa si urembo. Wale wa kusini mwa ziwa walitengwa rasmi mwaka 2003 kuwa spishi nyingine, na wakichanganywa huzaana, watoto wakapoteza asili yao. Watano hao waliingia siku moja, jioni, taa zikiwa zimezimwa, baada ya mawe yote kupangwa upya ili hata wenyeji wajione wageni. Kundi la samaki wanane hadi kumi na wawili linawafaa frontosa kuliko wawili au watatu, kwa sababu ubabe wa mkubwa hugawanyika badala ya kumwangukia mmoja.

Chujio lilitengenezwa kwa ndoo tatu za lita 20 zilizounganishwa kwa mabomba, zikiwa na sponji na vipande vya matofali ya kuchoma ambavyo bakteria hujishikiza, na pampu inayopitisha takriban lita 2,500 kwa saa. Maji hubadilishwa robo kila wiki. Nyama ya ng'ombe imeachwa. Samaki wanakula kamba waliomenywa na kukatwakatwa, wanaonunuliwa soko la samaki la Feri, pamoja na chakula cha punje zinazozama, mara moja kwa siku. Hita haikuhitajika. Wakati wa joto kinachohitajika ni feni ndogo inayopuliza juu ya maji, na pampu ya hewa ya betri kwa saa ambazo umeme umekatika, maana ndani ya tangi lenye joto na samaki wakubwa oksijeni haisubiri.

Mzee aliniuliza kama anaweza kuongeza samaki wadogo wa rangi ili tangi lichangamke. Cyprichromis, ambao ni wa ziwa hilo hilo na hupendeza wakiwa kundi, ndio mlo wa frontosa huko ziwani, kwa hiyo hapana. Tropheus ni walaji wa mwani, wenye vurugu, na chakula cha kamba huwaletea maradhi ya kuvimba tumbo, hapana pia. Nilichokubali ni kambare wanne wa madoa wa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, ambao hawagombani na frontosa. Wana desturi moja ya kujua mapema: hutaga mayai yao katikati ya mayai ya sikilidi wanaoatamia kinywani, na watoto wao huwala watoto wa mwenyeji wakiwa humo humo mdomoni. Mzee hana nia ya kuzalisha, kwa hiyo tuliwaweka. Anayetaka watoto wa frontosa asiwaweke.

Mwaka na nusu umepita tangu nilipokaa kwenye kile kiti. Kuna frontosa tisa, wanne wa awali na watano walioongezwa, hakuna aliyekufa tangu hapo, na nitrati haijavuka 30. Suala moja bado liko wazi. Frontosa hukomaa polepole, na madume hayatambuliki kwa uhakika wakiwa wadogo. Wawili wanakua upesi kuliko wengine, na wote wawili wakithibitika kuwa madume, mmoja atahitaji kuhama, na yule mfugaji wa Mikocheni ameshakubali kumpokea. Mzee anawapima kwa macho kila Ijumaa dhidi ya utepe alioubandika kwenye kioo, na kuandika katika daftari. Kwa sasa anayeongoza ni yule aliyekatwa pezi. Limeota tena, fupi kidogo kuliko la upande wa pili.